Je, Wajua? Gemu Ndani ya Gemu

Je, wajua kwamba PS2 unayoikuta kwenye banda la gemu pale Mwanga, Kigoma, ile iliyofungwa kwa karatasi ya gundi ubavuni na waya wake wa njano kuchomekwa kwa imani tu, ni mashine mbili katika boksi moja? Ndani mna prosesa ya PlayStation ya kwanza. Sony walipotoa PlayStation 2, Machi 2000, hawakuitupa ile ya zamani. Waliilehemu kwenye bodi mpya na kuipa kazi za mtumishi: kusikiliza pedi, kusoma memori kadi, kuhudumia CD. Prosesa kubwa, ya megahezi 294.9, ndiyo inayopiga hesabu za mchezo. Lakini ukiweka CD ya PlayStation ya kwanza, mtumishi anapanda cheo. Anashusha mwendo wake kutoka megahezi 36.9 hadi 33.9 za ujana wake, na mchezo unaanza.

Si PS2 zote, lakini. Geuza mashine uisome namba chini ya tumbo. Kuanzia zile nyembamba za SCPH-75000, prosesa hiyo ya zamani iliondolewa na chipu ya aina nyingine ikawekwa ili kuiiga. Ndiyo maana kuna CD za PS1 zinazokubali kwenye PS2 nene na kugoma kwenye nyembamba. Kijana analaumu CD, fundi analaumu lenzi, na wote wawili wamekosea.

Je, wajua kwamba Famicom ya Nintendo (1983), Mega Drive ya Sega (1988) na Super Famicom (1990) zote zilitoka kabla Tanzania Bara haijawa na kituo cha televisheni? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, mwaka ITV ilipoanza kurusha matangazo. Na mwaka huohuo, Desemba 3, PlayStation ya kwanza ikaanza kuuzwa Japani. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji hakupitia kanda, kisha CD, kisha DVD kwa mpangilio kama mtoto wa Tokyo. Zilimfikia kwa mkupuo, za kale na za kisasa pamoja, nyingi zikiwa mtumba. Hilo ndilo linaloufanya uunganishaji wa mashine za zamani katika boksi moja usiwe mchezo wa matajiri tu: kwenye meza ya fundi wa huku, vizazi vitatu hukaa bega kwa bega tayari.

Wa kwanza kuuza wazo la “mashine mbili kwa moja” hawakuwa mafundi wa vichochoroni. Mwaka 1982 kampuni ya Coleco ya Marekani ilitoa kifaa cha kuchomeka kwenye ColecoVision yake, na ndani ya kifaa hicho mlikuwa na nakala nzima ya mashine ya mshindani wake, Atari 2600. Atari wakaenda mahakamani. Coleco wakajibu kwamba vipuri vyote walivinunua dukani kama mteja mwingine yeyote. Mwaka 1983 wakapatana, Coleco ikakubali kuwalipa Atari mrabaha.

Sharp nao, mwaka 1986, walitengeneza Twin Famicom: upande mmoja tundu la kanda, upande mwingine mlango wa disketi. Hao walikuwa na kibali cha Nintendo, wakalala usingizi.

Je, wajua kwamba Mega Drive imembeba kaka yake tumboni? Prosesa yake kuu ni 68000. Pembeni kuna Z80, iliyowekwa kushughulikia sauti, nayo ndiyo prosesa iliyokuwa ikiendesha Master System, mashine ya Sega iliyoitangulia. Kile kipande cha plastiki kilichouzwa ili kanda za Master System ziingie kwenye Mega Drive hakina akili yoyote ya maana ndani yake. Kazi yake ni kupitisha nyaya na kuiambia Mega Drive: leo mwachie kaka yako usukani.

Sega walipoendelea kupachika mambo, Mega CD chini na 32X juu, waliacha jambo moja linalowachekesha mafundi hadi leo. Kila kipande kilidai adapta yake ya umeme. Mashine moja, adapta tatu ukutani. Kwenye nyumba yenye soketi moja na ekstensheni iliyokwisha kuungua upande mmoja, huo si muungano. Ni ugomvi wa kifamilia.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kurundika bodi tatu kwenye sanduku moja. Ufundi ni kujua kipi kigawanwe na kipi kiachwe peke yake. Umeme unaweza kuwa mmoja. Njia ya picha kwenda kwenye TV inaweza kuwa moja. Feni inaweza kuwa moja. Lakini saa usiiguse.

Saa? Kila mashine ya gemu ina kipande kidogo cha fuwele kinachopiga mapigo, na chipu zote hucheza kwa mapigo hayo. Mwaka 1994 Nintendo walitoa Super Game Boy, kanda yenye Game Boy nzima ndani yake, unaichomeka kwenye Super Nintendo (ndiyo Super Famicom ya nje ya Japani) ili ucheze michezo ya mkononi kwenye TV. Ili kuokoa shilingi mbili tatu, hawakuipa fuwele yake. Ikaazima mapigo ya mwenyeji. Mapigo ya mwenyeji hayakugawanyika sawasawa, na matokeo yake michezo yote ikaenda kasi kwa asilimia 2.4 kuliko ilivyokusudiwa, muziki nao ukapanda sauti kidogo. Toleo la pili, lililotoka Japani mwaka 1998, likapewa fuwele yake mwenyewe. Tatizo kwisha.

Ukitaka kuona werevu wa kweli, fungua Game Boy Advance. Imebeba prosesa mbili, ya kwake na ya Game Boy ya zamani, na kwenye tundu la kanda kuna kitufe kidogo cha plastiki. Kanda ya zamani ina umbo linalokibonyeza kitufe hicho. Ya mpya ina pengo mahali palepale, haikigusi. Kitufe kikibonyezwa, umeme wa kanda unapanda kutoka volti 3.3 hadi 5 na prosesa ya zamani inaamka. Kanda haihitaji kuulizwa “wewe nani?” Plastiki imeshajibu.

Sasa tutoke kwenye gemu kidogo, maana Kigoma ina mashine moja iliyofanyiwa yote haya kabla ya babu zake Nintendo kufikiria televisheni. Je, wajua kwamba meli ya MV Liemba ililetwa hapa ikiwa vipande? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku takriban 5,000, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli iliyofika Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu wa Meyer wakaja nayo kuiunganisha, safari hii kwa ribiti za kudumu. Februari 1915 ikashushwa majini, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 70.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeanza, na meli ya abiria na mizigo ikahitaji meno. Wakaifungia mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Kipande cha meli ya Bahari ya Hindi kikawa kinalinda Ziwa Tanganyika. Waingereza hawakulala: waliburuta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia Kongo hadi ziwani, wakaikamata boti ya Kijerumani Kingani, Desemba 26, 1915, wakaibadilisha jina kuwa Fifi na kuipachika mzinga mkubwa zaidi ya ule iliokuja nao. Ziwa hili limezoea vipuri vya kupandikiza.

Jambo ambalo kila fundi wa elektroniki angelipenda lilitokea Julai 1916. Wajerumani wakiwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka injini grisi nzito, tabaka juu ya tabaka. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kukuta injini na boila bado zinafaa kutumika. Miaka minane tangu izamishwe, na chuma kimekataa kuoza, kwa sababu mtu alikumbuka kuziba hewa na maji. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikabadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli. Bodi ileile, moyo mwingine. Mtu akikuambia kwamba ukibadilisha pawa saplai ya Mega Drive hiyo si Mega Drive tena, mwonyeshe Liemba.

Na kwa kuwa tumegusia kutu: je, wajua kwamba kupuliza kanda kunaiharibu? Kila mtoto aliyewahi kushika kanda ya gemu amepuliza, na kila mtoto anaapa kwamba ilisaidia. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, maana meno ya shaba hupata mgusano mpya. Pumzi inaacha unyevu, na unyevu huleta kutu. Pamba na spiriti, basi. Kwenye mji wa ziwani, ambako hewa ya asubuhi ina maji yake yenyewe, sababu ya kuacha kupuliza ni kubwa zaidi.

Taa nyekundu ya NES (Famicom ya nje ya Japani) inayowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mara moja kila sekunde? Hiyo ni chipu ya ulinzi inayotafuta pacha wake ndani ya kanda, na mgusano ukiwa mbovu haimwoni, inaizima mashine na kuanza upya. Mafundi waligundua zamani kwamba ukiinyanyua pini namba 4 ya chipu hiyo, inaacha kazi ya ulinzi na mashine inatulia. Pini moja tu.

Mwaka 2013 fundi mmoja wa Uingereza alionyesha sanduku alilolipa jina la Project Unity: mashine 15 za gemu ndani ya umbo moja, kutoka Intellivision na ColecoVision hadi Saturn, Dreamcast, GameCube na PlayStation 2. Ilimchukua zaidi ya saa 3,000 katika miaka kama mitatu. Bodi zote ni halisi, hakuna kompyuta inayoigiza. Kuna pawa saplai moja, waya mmoja wa picha na swichi ya kuchagua nani aamke. Watu walioiona walishangaa wingi wa mashine. Mimi nilichovutiwa nacho ni swichi: inahakikisha kwamba umeme unaenda kwa mmoja tu kwa wakati mmoja, wengine wote wamelala. Bila hiyo, sanduku lile lingekuwa jiko.

Tupige hesabu ya hilo jiko. Mashine nyingi za zamani zinapokea volti 9 kutoka kwenye adapta, lakini chipu zinataka 5. Kati yao kuna kidude cha miguu mitatu, 7805, kinachokata ziada. Ziada haipotei: volti 4 zilizobaki, kwa ampea 1, ni wati 4 za joto tupu, ndani ya plastiki iliyofungwa. Mashine tatu zikiwaka pamoja, wati 12. Anayeunganisha mashine hufanya jambo la busara: anang’oa 7805 zote na kuweka kigeuzi kimoja cha kisasa kinachotoa volti 5 bila kuunguza tofauti. Boksi linapoa, na LUKU haijui kama kuna kitu kimeongezeka.

Ila angalia ncha. Je, wajua kwamba Mega Drive ya kwanza inataka hasi katikati ya plagi, na Mega Drive ya pili inataka chanya? Mtengenezaji yuleyule, jina lilelile. Super Famicom nayo ni hasi katikati. Adapta ya NES ya Marekani ndiyo kichekesho zaidi: inatoa umeme wa AC, na NES inaukubali kwa sababu ndani ina daraja la diodi. Chukua adapta hiyohiyo uichomeke kwenye Famicom ya Japani, utasikia harufu. Na mashine ya Japani iliyoandikwa volti 100, ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za ukutani kwetu, hutasikia hata harufu, utasikia mlio.

Fundi wa Kigoma anaogopa kitu kingine juu ya hayo. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukiishi kwa majenereta ya dizeli, kabla umeme wa gridi haujaanza kuyazima. Umeme wa jenereta lililoelemewa hupanda na kushuka, na kinachokufa kwanza ni pawa saplai. Ndiyo maana kwenye meza za mafundi utakuta bodi nzuri kabisa za PS2 zimekaa bila pawa, na PS2 nyembamba zile zinazokula volti 8.5 kutoka adapta ya nje zinapendwa kuliko nene: adapta ikifa unanunua nyingine, mashine haikuguswa.

“Fundi, hii inawaka ila picha haieleweki.”

“Rangi inakuja?”

“Nyeusi na nyeupe, halafu inazunguka.”

Hilo jibu linatosha. Mashine ni ya NTSC, ya Marekani au Japani, inapiga picha 60 kwa sekunde. TV ya zamani ni ya PAL, inasubiri 50. Je, wajua kwamba michezo mingi iliyouzwa kwenye nchi za PAL ilienda polepole kwa karibu asilimia 17, kwa sababu hiyo tu? Sonic aliyekimbia kwenye mashine za Ulaya alikuwa mchovu kuliko ndugu yake wa Japani, na hakuna aliyejua mpaka wawili hao walipowekwa sambamba. Anayeunganisha mashine za pande mbili za dunia hulazimika kuweka swichi ya 50 na 60, ama anunue kigeuzi cha HDMI kinachokubali zote.

Kuna muungano mwingine, wa kichinichini. Zile “gemu za TV” za bei poa zenye pedi mbili na kanda iliyoandikwa 9999 katika 1: ukifungua, hukuti bodi iliyojaa chipu. Unakuta tone moja la gundi nyeusi. Chini ya tone hilo, Famicom nzima imefinywa kuwa chipu moja. Kuhusu hizo 9999, hesabu ukifika ya ishirini na kitu, utaanza kuona mchezo uleule, safari hii gari ni la kijani.

Mabanda mengi siku hizi hayatumii CD kabisa. Lenzi ikichoka, PS2 inawashwa kwa memori kadi yenye programu ya Free McBoot, na michezo inasomwa kwenye flashi. Inafaa kwenye karibu matoleo yote, isipokuwa baadhi ya SCPH-90000 za mwisho ambazo Sony waliziba tundu hilo. Lakini tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha 1.1, kama megabaiti moja kwa sekunde, wakati DVD yake inasoma zaidi ya mara nne ya hapo. Ndiyo sababu mpira unaenda vizuri, ila video ya ufunguzi inakatakata. Bonyeza Start uiruke. (Kunakili mchezo usiokuwa wako ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Nimesema, nimemaliza.)

PS2 ilipata mchezo wake wa mwisho Ulaya Novemba 2013: Pro Evolution Soccer 2014. Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka huohuo, baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 155.

Je, wajua kwamba sehemu ya malighafi ya bodi hizi huenda ilianza safari ng’ambo ya ziwa? Kapasita ndogo za tantali hutokana na koltani, na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazoichimba kwa wingi duniani. Bei ya tantali ilipaa mwaka 2000, na PlayStation 2 ilitajwa miongoni mwa bidhaa zilizoichochea. Madini yanatoka Kivu, yanazunguka dunia, yanarudi Kigoma ndani ya mtumba, yanaharibika, fundi anayang’oa na kutupa kwenye kopo la vipuri vibovu. Kwenye kopo hilo kuna kapasita ambazo ziko salama kabisa. Pima kwa testa kabla hujatupa.

La mwisho. Muungano mkubwa kuliko wote haukufika dukani. Mwaka 1991 Sony walitangaza mashine waliyoitengeneza pamoja na Nintendo, yenye tundu la kanda za Super Nintendo na mlango wa CD, jina lake Play Station, maneno mawili. Siku iliyofuata Nintendo wakatangaza kwamba wanakwenda na Philips. Sony wakabaki na jina na hasira, wakatengeneza ya kwao. Mashine moja ya majaribio ilisalia, na ilipopatikana miaka mingi baadaye upande wa CD ulikuwa haufanyi kazi. Fundi Mmarekani Ben Heck aliifungua, akafuatilia hitilafu hadi CD ikazunguka na kusoma. Machi 2020 ikauzwa mnadani kwa dola 360,000. Hakuna mchezo hata mmoja wa CD uliowahi kuuzwa kwa ajili yake.